Jina la Luther: Asili Yake, Ukoo Wake na Waliolirithi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika sherehe za Jubilei ya Miaka Mia Moja)



Kamati ya Jubilei ilinitaka niseme machache juu ya majina na koo, kwa kuwa kitabu hiki cha kumbukumbu kimejaa majina ya wazee wetu. Nimeona si vema nianze na ukoo mmoja wa hapa, wengine wakadhani wamesahauliwa. Nimechagua jina moja la ukoo ambalo sote tunalisoma kila Jumapili juu ya mlango wa kanisa letu, wala hakuna hata mmoja wetu aliyelipata kwa baba yake wa kumzaa: jina la Luther. Lilitoka wapi? Ukoo wake uko wapi leo? Na habari zake zinatufundisha nini sisi tunaohangaika sana usiku na mchana jina la nyumba lisipotee?

Asili ya jina hili ni kijiji cha Möhra, katika nchi ya Thuringia, Ujerumani. Huko waliishi wakulima walioitwa Luder. Siku hizo tahajia ya majina haikuwa na sheria, hivyo waandishi waliandika Luder, Lüder, Ludher au Loder, kila mmoja kama alivyosikia. Wataalamu wa majina wanalifuata hadi kwenye jina la kale la Kijerumani lililounganisha maneno mawili, moja lenye maana ya watu na la pili lenye maana ya jeshi. Kwa desturi ya mahali pale, shamba lilirithiwa na mwana wa mwisho. Hans Luder hakuwa wa mwisho. Kwa hiyo alihama, akaenda Eisleben, kisha Mansfeld, akaingia katika kazi ya machimbo ya shaba. Akiwa Eisleben, tarehe 10 Novemba 1483, alizaliwa mwanawe Martin. Kijana huyo alipoingia Chuo Kikuu cha Erfurt mwaka 1501, katika daftari la chuo aliandikwa Ludher.

Basi, jina Luther kama tunavyoliandika sisi lilitoka wapi? Lilitokana na uamuzi wa mtu mzima. Tarehe 31 Oktoba 1517, siku ile ile tunayoikumbuka kila mwaka kuwa Siku ya Matengenezo, Martin alimwandikia barua Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz juu ya biashara ya vyeti vya msamaha wa dhambi. Mwisho wa barua alitia sahihi kwa jina Luther. Katika miezi iliyofuata aliwaandikia rafiki zake akijiita Eleutherius, neno lililotoka katika Kigiriki lenye maana ya mtu huru, aliyefunguliwa. Kisha aliliacha hilo la Kigiriki, lakini herufi zile mbili, t na h, zilibaki katika jina la nyumba yake. Hivyo jina alilopokea kwa baba yake alilishika, ila alilitia alama ya yale aliyoyasadiki. Ndugu zangu, hata sisi tulipewa jina la ukoo nyumbani na jina la ubatizo kanisani, na hatukuambiwa tutupe moja ili tubaki na jingine.

Tarehe 13 Juni 1525 Luther alimwoa Katharina von Bora, wakazaa watoto sita. Johannes alizaliwa mwaka 1526. Elisabeth alizaliwa mwaka 1527, akafa mwaka uliofuata kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Magdalena alizaliwa mwaka 1529, akafa mwaka 1542 akiwa na miaka kumi na mitatu. Martin alizaliwa mwaka 1531, Paul mwaka 1533, na Margarethe, kitinda mimba, mwaka 1534. Baba yao alipofariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546, aliacha wana watatu wa kiume na binti mmoja. Mtu yeyote wa kijiji chetu angelitazama boma hilo angesema: huyu mzee ameacha nguzo tatu, jina lake haliwezi kuanguka.

Lakini haikuwa hivyo. Martin, mwana wa pili, alisoma theolojia, akafa mwaka 1565 bila mtoto. Johannes, aliyesomea sheria, hakuacha mstari wa kiume ulioendelea. Alibaki Paul, aliyekuwa tabibu katika nyumba za watawala, akafa mwaka 1593. Kwake yeye peke yake jina lilipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, kizazi baada ya kizazi, hadi kumfikia mwanasheria mmoja wa mji wa Dresden aliyeitwa Martin Gottlob Luther. Huyo alikufa mwaka 1759 bila kuacha mtoto. Na hapo mstari wa wanaume waliotoka moja kwa moja katika viuno vya Martin Luther ukakoma. Tangu ndoa ya mwaka 1525 ilikuwa imepita miaka 234 tu.

Jambo hilo lilitokana na nini? Je, ilikuwa laana, au adhabu? Nasema haya kwa makusudi, maana wako watu wanaonong'ona hivyo jirani yao anapojaliwa mabinti watupu. Huko Uingereza, katika karne ya kumi na tisa, watu waliona kwamba majina mengi ya nyumba mashuhuri yalikuwa yametoweka, wakatafuta kasoro katika nyumba hizo. Francis Galton aliliuliza swali hilo kwa njia ya hesabu, na mchungaji aliyekuwa mwanahisabati, Henry William Watson, akashirikiana naye. Mwaka 1874 walitoa maandiko yao. Walionesha kwamba jina linalopita kwa wana wa kiume peke yao laweza kukoma kwa bahati tu ya uzazi, bila kasoro yoyote ndani ya nyumba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kila mwanamume analea watoto wawili hadi utu uzima, na kila mtoto ana nafasi sawa ya kuwa wa kiume au wa kike. Nyumba moja katika kila nne itakuwa na mabinti tu. Wakiwa watoto watatu, ni nyumba moja katika kila nane. Lakini hatari hiyo haiji mara moja ikaondoka. Hurudi tena kwa wana, na kwa wajukuu, na kwa vitukuu. Kwa mwendo wa watoto wawili wawili, kila jina lililoanzia kwa mtu mmoja hatimaye hukoma, ingawa laweza kuchukua vizazi vingi. Hata kwa watoto watatu watatu, ambapo watu wanazidi kuongezeka, majina karibu 24 katika kila 100 hupotea. Na katika hesabu hii sijaweka vita, wala tauni, wala watoto wanaokufa wachanga kama Elisabeth, wala wale wasiooa. Basi, mwenye mabinti watatu hana deni kwa ukoo wake. Limempata jambo linalozipata nyumba nyingi sana, na mke wake hana hatia yoyote.

Sasa niwaombe tuingie katika karne iliyopita, maana huko historia yenyewe ilitoa mfano ulio wazi kuliko maneno yangu. Tangu Januari 1925 hadi Mei 1926 Kansela wa Ujerumani aliitwa Hans Luther. Jina alikuwa nalo. Lakini kwa kuwa mstari wa kiume wa mwana wa Mansfeld ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1759, hakuweza kuwa amelipokea kutoka kwake. Na katika mwaka huo huo wa 1925, Paul von Hindenburg alichaguliwa kuwa Rais wa nchi ile ile. Huyo hakuitwa Luther. Lakini alikuwa mzao wa Martin Luther na Katharina, kwa njia ya binti yao Margarethe, aliyeolewa na Georg von Kunheim wa Prussia mwaka 1555. Tazameni basi: mwenye jina hakuwa na urithi wa moja kwa moja, na mwenye damu hakuwa na jina.

Ndiyo kusema uzao wa Luther haukufa. Uliokufa ni mstari mmoja tu, ule unaohesabiwa kwa wanaume. Wazao wake wapo hadi leo, na njia iliyowafikisha hapo ni mabinti. Tena mwaka 1926 wazao hao na jamaa wa pembeni waliunda chama chao cha ukoo huko Ujerumani. Anayehesabu wana peke yao atasema nyumba ya Luther ilifungwa mwaka 1759. Anayewahesabu na binti ataikuta bado ina watu.

Lakini hata damu yenyewe si kila kitu. Yule mzao wa Margarethe ndiye aliyemteua Adolf Hitler kuwa Kansela tarehe 30 Januari 1933, na ulimwengu mzima ulilipa gharama ya uteuzi huo. Hindenburg alikufa tarehe 2 Agosti 1934. Siku chache tu baada ya kifo chake, Wabaptisti wa dunia walikutana Berlin katika mkutano wao mkuu, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo mchungaji mweusi kutoka Atlanta, Marekani, aliyeitwa Michael King. Aliporudi kwao alijiita Martin Luther King, na mwanawe mwenye miaka mitano, aliyekuwa pia Michael, akaitwa hivyo hivyo. Mtoto huyo ndiye dunia ilimjua baadaye kwa kupigania haki za weusi bila silaha, hata alipouawa mwaka 1968. Hakuwa mzao wa Luther, wala hakuwa Mlutheri. Lakini kama jina lile tangu mwaka 1517 lilibeba maana ya mtu aliyefunguliwa, ni nani aliyelistahili kuliko yeye? Wahenga wetu walisema: jina jema hung'aa gizani.

Nasi je? Luther mwenyewe, mwaka 1522, aliwaomba watu wasijiite kwa jina lake bali wajiite Wakristo, akisema mafundisho si yake, wala yeye hakusulubiwa kwa ajili ya mtu yeyote. Neno "Walutheri" lilitangulia vinywani mwa wapinzani wake. Hata hivyo jina lilishika, likavuka bahari. Wamisionari wa Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wale wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893, na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yakaungana kuwa Kanisa letu, ambalo leo ni miongoni mwa makanisa makubwa zaidi ya Kilutheri duniani. Jina ambalo nyumba moja ya Dresden haikuweza kulishika limeshikwa na mamilioni ambao hawana undugu wa damu nalo. Tunalibeba kwa kukumbushwa, si kwa kurithi. Na kama hatuishi katika lile lililolipa jina hilo uzito, basi kibao cha mlangoni ni mbao tu.

Sisemi haya ili kudharau ukoo. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliwafundisha wenzake kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu amewapa watu, na Kanisa lisivikate. Nakubaliana naye. Lakini ukoo usigeuzwe kuwa jembe la kumchimbia mwanamke kaburi. Tunazo nyumba ambazo baba ameshauriwa atafute mke wa pembeni kwa sababu ya mtoto wa kiume. Tunao mabinti walionyimwa shamba la baba yao kwa sababu "jina litaondoka". Someni kitabu cha Hesabu, sura ya 27, juu ya binti za Selofehadi. Walisimama mbele ya Musa na kusanyiko lote, wakauliza kwa nini jina la baba yao liondolewe kwa kuwa hakuwa na mwana, na Bwana akaamua kwamba walikuwa na haki. Majina yao matano yameandikwa. Wala hayakuachwa eti kwa sababu wangeolewa.

Kwa hiyo nina ombi kwa Baraza la Wazee, na naomba Baba Askofu awe shahidi. Tunapoanza karne ya pili, tuandike upya orodha ya familia za usharika wetu. Katika kila nyumba iandikwe mama kwa jina lake na la ukoo alikotoka, si "mke wa fulani" peke yake. Waandikwe na mabinti, na mahali walikoolewa, na watoto wao, hata kama watoto hao wanaitwa kwa jina la ukoo mwingine na wanasali katika usharika mwingine. Daftari la ubatizo tunalo. Kilichobaki ni kulisoma kwa macho mawili. Wajukuu wa wajukuu wetu watakapoketi hapa kuadhimisha miaka mia mbili, majina mengine tunayojivunia leo yatakuwa yamekoma, kama hesabu ilivyotuonesha. Lakini watu watakuwapo, na ni haki yao wajue walitoka kwa nani.

Mungu aibariki Jubilei hii, azibariki nyumba zetu zenye wana na zenye mabinti, na zile ambazo hazikujaliwa mtoto. Maana wote tumeitwa kwa Jina moja lililo juu ya kila jina.