Usitie Kidole Kabla ya Kusoma
Mazungumzo na wanakisomo wa Sengerema



Leo sikuja na kitabu cha kilimo cha pamba, wala cha ufugaji bora. Nimekuja na karatasi moja tu. Karatasi hii ni mkataba wa simu ya mkopo. Mwenyewe amenipa ruhusa tuisome, ila jina lake nisilitaje. Jina la kampuni nalo sitalitaja. Sikuja kugombana na mtu. Nimekuja tujifunze kusoma mkataba.

Mwenye karatasi ni mama mwenzenu, mchuuzi wa dagaa. Alitaka simu kubwa ili awatumie wateja wake wa Mwanza mjini picha za mzigo. Siku ya gulio kijana wa kampuni akamwambia, "Mama, lipa kianzio cha shilingi 50,000 tu, simu unaondoka nayo leo. Kisha utalipa 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja." Mama akaona 1,500 ni fedha ndogo. Akatia kidole. Karatasi akaikunja, akaiweka sandukuni.

Haya, tupige hesabu pamoja. Shilingi 1,500 mara siku 365 ni shilingi 547,500. Ongeza kianzio, 50,000. Jumla ni shilingi 597,500. Simu kama ile dukani ilikuwa shilingi 350,000. Tofauti ni shilingi 247,500. Sisemi kukopa ni vibaya. Anayekukopesha naye anatafuta faida. Ninasema hesabu hii ifanywe kabla ya kutia kidole, siyo baada.

Kuna jambo la pili. Ninyi wa mwaloni mnalijua kuliko mimi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na fedha inapumzika. Lakini deni la kila siku halijui mbalamwezi. Basi mwezi wa tano wa mkataba, mama akakosa kulipa siku 12. Simu ikajifunga. Haipigi, haipokei, ni kama jiwe.

Mama akaamua kuirudisha. Kule dukani akaambiwa, "Umevunja mkataba kabla ya wakati. Lipa shilingi 120,000." Akauliza, kwa nini? Akajibiwa, "Ndiyo utaratibu."

Ndugu zangu, neno "utaratibu" limewala watu wengi. Utaratibu uko wapi? Uko kwenye karatasi. Mama alikuja darasani jioni ile amenyamaza. Nikamwomba alete karatasi. Bahati nzuri ilikuwa ya Kiswahili. Tukaisoma mstari kwa mstari, yeye akisoma kwa sauti. Kwenye ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, tukakuta kwamba mteja akirudisha simu nzima kabla ya muda, atalipa malimbikizo yake pamoja na gharama ya shilingi 30,000.

Malimbikizo yake yalikuwa siku 12 mara 1,500, yaani shilingi 18,000. Ongeza 30,000. Jumla shilingi 48,000. Sasa ile 120,000 ilitoka wapi? Shilingi 72,000 zaidi hazikuandikwa popote.

Hapo tukaandika barua. Nawasomea, ili nanyi mjue namna yake:

"Mimi ni mteja wenu. Nilichukua simu kwa mkataba. Sasa nairudisha ikiwa nzima. Mmenitaka nilipe shilingi 120,000. Mkataba, ukurasa wa pili, unasema malimbikizo na gharama ya shilingi 30,000. Kwa hesabu yangu ninadaiwa shilingi 48,000. Naomba mnionyeshe kwa maandishi hizo 72,000 zimetokana na kifungu gani. Naomba jibu kwa maandishi."

Akaweka tarehe, namba ya mkataba, jina na sahihi yake. Akatoa kopi mbili. Alipoipeleka akaomba agongewe muhuri kwenye kopi yake, kuonyesha imepokelewa. Baada ya wiki mbili akajibiwa alipe 48,000. Akalipa, akapewa risiti, akapewa na karatasi ya kusema hadaiwi tena. Mkumbuke, 48,000 alilipa yote. Dawa ya deni ni kulipa. Asilodaiwa ndilo alilolikataa.

Je, kama kampuni ingekataa? Au kama zile 120,000 zingekuwa zimeandikwa? Sheria haikuishia hapo. Nchi yetu ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 74 kinasema, kwa maneno mepesi, kwamba mkataba ukivunjwa na ndani yake kimetajwa kiasi cha kulipa, anayedai atapata fidia ya haki, isiyozidi kiasi kile kilichotajwa. Yaani kiasi kilichoandikwa ni mwisho wa juu. Mahakama inaweza kuona kwamba fidia ya haki ni ndogo kuliko hapo. Kwa hiyo usikubali mtu akuongezee kwa mdomo juu ya kilichoandikwa. Na hata kilichoandikwa, kikiwa kikubwa kupita kiasi, unaweza kukipinga.

Sasa, malalamiko yapelekwe wapi? Shikeni hatua hizi:

1. Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi. Wakubwa watakuuliza kwanza, "Kampuni imekujibu nini?"

2. Kama ugomvi ni wa laini, vocha, kifurushi au huduma ya mtandao wa simu, na kampuni haikukuridhisha, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Sheria hiyo iliunda pia Baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma za mawasiliano.

3. Kama umedanganywa katika kuuziwa kitu, iko Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji.

4. Kama ni mtu au kampuni ya kukopesha fedha kwa riba, muulize leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji hao chini ya usimamizi wa Benki Kuu.

5. Ikishindikana, mahakama zipo. Usiende mikono mitupu. Nenda na mkataba, risiti, barua na ujumbe wa malipo ulioko kwenye simu.

Hapo kwenye ujumbe nasisitiza. Simu ikijifunga, ujumbe wako wa malipo umefungwa humo humo! Kwa hiyo kila ukilipa, andika kwenye daftari tarehe, kiasi na namba ya muamala. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na kama mkataba ni wa Kiingereza, asikusomee muuzaji. Akusomee mtu unayemwamini, hata kama itabidi urudi gulio lijalo.

Namalizia. Mwaka 1971 jirani zetu wa Ukerewe walikuwa katika wilaya sita za kwanza nchini zilizopewa kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Siku zile dole gumba lilikuwa alama ya asiyejua kusoma. Mtu aliona fahari kuliacha na kuweka sahihi. Leo mambo yamegeuka. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, hata msomi mkubwa anatia kidole. Kidole siyo aibu tena. Aibu ni kukitia pale ambapo macho hayajapita.

Ndugu zangu, cheti chenu cha kisomo msikitundike ukutani tu. Kiendeni nacho gulioni.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Fedha zako huja kila siku, kila wiki au kwa msimu? Deni la kila siku linakufaa?
2. Simu ina kianzio cha 40,000 na malipo ya 2,000 kwa siku 200. Jumla ni shilingi ngapi?
3. Nani kati yenu ana mkataba nyumbani ambao hajausoma? Auletee kikundi juma lijalo.