Doa la Maji ni Chokaa: Utunzaji wa Rangi za Magari Kanda ya Kati

(Maneno yaliyosemwa na msimamizi wa magari kwenye semina ya kamati za parokia, madereva na vijana wa miradi ya kuosha magari, Dodoma. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



Nimeombwa nizungumzie yale madoa meupe ya mviringo yanayobaki kwenye rangi ya gari baada ya kuoshwa. Nimewasikia wazee wawili pale nyuma wakiguna walipoisoma ratiba. Jana tulijadili visima na karo za watoto, na leo tunakuja kwenye madoa ya gari! Wazee wangu, nawaelewa. Lakini mradi wa kuosha magari ndio unaowaingizia vijana hawa kipato, na sehemu ya kipato hicho ndiyo inayorudi kwenye mfuko wa kamati. Msimu huu wa kiangazi wateja wameanza kupungua. Mmoja mwenye gari jeusi anadai alipwe fidia, na barua yake iko mezani kwa mwenyekiti. Kwa hiyo suala la madoa ni suala la mfuko wa kamati.

Tuanze na jina. Hapa kwetu tunasema "madoa ya chumvi" kwa sababu maji ya visima vyetu tunayaita maji ya chumvi. Jina hilo linatupotosha. Chumvi ya mezani huyeyuka ukiipangusa kwa kitambaa chenye maji. Haya madoa mnayapangusa kwa maji na sabuni mara kumi na hayatoki, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni chokaa. Mvua inaposhuka ardhini huchukua hewa ya ukaa, inakuwa chachu kidogo, na inapopita kwenye miamba na udongo wenye chokaa inaiyeyusha na kuibeba. Hayo ndiyo maji magumu tuliyofundishwa shuleni, yale yasiyotoa povu upesi. Maji yakikauka juu ya gari, hewa ile hutoka na chokaa inabaki. Mama zetu wanaifahamu vizuri: ni ule ukoko mweupe ulioko ndani ya birika.

Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, na parokia zetu nyingi za nje ya mji zina visima vyake. Wataalamu huyahesabu maji kuwa magumu sana yanapozidi miligramu 180 za chokaa kwa lita. Chukueni mfano wa maji yenye miligramu 300. Ndoo moja ya lita 20 inakuwa imebeba gramu 6, yaani kama kijiko kidogo cha chai. Nyingi humwagika chini, lakini hata kiasi kidogo kikikaukia kwenye boneti saa saba mchana kinatosha kuharibu sura ya gari zima.

Sasa jinsi ya kuyatoa. Kanuni ni moja: chokaa huogopa uchachu, haiogopi nguvu. Nunueni siki nyeupe ya kawaida, ile ya dukani yenye asidi ya asilimia 5 hivi. Changanyeni nusu kwa nusu na maji laini, yaani maji ya mvua, au maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Nasema MAJI ya betri. Tindikali ya betri ni kitu kingine, na inakula rangi, nguo na ngozi. Someni chupa kabla ya kulipa.

Gari lioshwe kwanza kwa sabuni ili vumbi lote litoke, kwa maana vumbi la Dodoma ni mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Liwe kivulini na bati liwe limepoa. Ukiweka mgongo wa mkono usisikie joto. Lowesha kitambaa laini kwa ule mchanganyiko, kilaze juu ya madoa kwa dakika moja au mbili, kisha pangusa taratibu bila kukandamiza. Usiache siki ikakauka. Suuza kwa maji ya sabuni, halafu kausha papo hapo. Yakibaki, rudia mara moja au mbili. Ndimu nayo inasaidia, ila ichujwe, maana nyama zake na mbegu hukwaruza. Mahali palipochubuka mpaka bati likaonekana msipake siki kabisa, mtaita kutu. Na mkumbuke kwamba siki huondoa pia nta iliyokuwa juu ya rangi, kwa hiyo baada ya kazi hii gari lipakwe nta upya.

Vijana wananiuliza: tutajuaje kama doa linatoka au limeshaingia? Tumia ncha ya kidole. Ukisikia kiupele, chokaa bado iko juu na siki itaitoa. Ukisikia kishimo, au husikii kitu lakini alama bado unaiona, basi rangi yenyewe imeshaliwa. Hilo hutokea hasa kwenye magari meusi na ya bluu iliyokoza, ambayo bati lake juani huwa la moto kiasi kwamba huwezi kulaza kiganja. Siki haina kazi tena hapo. Kinachobaki ni kupiga polishi ya kusaga, na hapa naomba wanakamati mnisikilize.

Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 35 hadi 50, na maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Karatasi ya daftari ni nene kuliko hapo. Polishi ya kusaga haifuti alama. Inapunguza klia pande zote mpaka ifikie kina cha kishimo. Ukifanya hivyo mara moja kwa uangalifu, gari linang'aa na hakuna aliyeumia. Ukifanya kila mwezi, klia inakwisha, rangi inapauka na kubabuka, na dawa pekee ni kupeleka gari kupuliziwa rangi upya. Kwa hiyo kijana asishike mashine ya polishi bila fundi kusimama pembeni. Na msasa, hata ule wa maji, hauna nafasi kwenye mradi huu. Stilwaya vilevile. Nimesikia ziko kwenye boksi la vifaa la parokia mojawapo, ziondolewe leo.

Kuna ujanja mwingine ambao siupendi, nao ni kupangusa gari kwa mafuta ya taa au dizeli. Madoa yanapotea kweli, lakini yanapotea kama yanavyopotea gari likiwa limelowa: mafuta yamejaza tu pale palipopungua mng'ao. Mteja anaondoka anafurahi. Baada ya siku mbili mafuta yamekwisha, vumbi limeganda, madoa yamerudi, na yeye hatarudi tena. Ninachukulia hilo kuwa ni kumdanganya mteja.

Dawa ya kusafishia choo nayo msiiguse. Ina tindikali kali, inaharibu nikeli na rimu za alumini, na inaunguza mikono. Tena mtu akiichanganya na Jik, hutoka hewa ya sumu. Hata siki isichanganywe na Jik kamwe.

Sasa nije kwenye ombi lililoko mbele ya kamati. Vijana wameomba mashine ya kuoshea kwa kasi, na najua baadhi ya wafadhili wetu wangependa kuinunua, kwa kuwa ni kitu kinachoonekana na kinachopigwa picha vizuri. Mimi ningeomba tusubiri. Mashine ile itarusha maji yaleyale magumu, kwa kasi zaidi, kwenye magari mengi zaidi. Tuanze na vitu viwili: vitambaa na maji ya mvua.

Vitambaa, kwa sababu maji yaliyopanguswa hayaachi doa. Kila gari liwe na taulo mbili safi, moja ya kunyonya maji na moja ya kumalizia. Muoshe sehemu kwa sehemu: paa, suuza, kausha, boneti, suuza, kausha, ndipo milango. Ile desturi ya kuosha gari zima, kulimwagia ndoo ya mwisho na kuliacha juani huku kijana anakimbilia gari la pili, ndiyo iliyotuletea barua ya mwenye gari jeusi. Hata nta haitawaokoa. Juu ya nta maji hujikusanya kuwa matone, na kila tone likikauka linaacha duara lake. Faida yake ni kwamba duara hilo hutoka kwa urahisi zaidi.

Maji ya mvua, kwa sababu hayajapita kwenye mwamba. Hesabu yake hata mtoto anaiweza: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukumbi wa parokia wenye paa la mita 100 za mraba hupata lita 1,000 kwa mvua ya milimita 10. Hapa Dodoma mwaka wa kawaida hutupa kati ya milimita 500 na 600, karibu zote kuanzia Desemba hadi Aprili. Tangi la lita 5,000 litajaa mapema, hata tukihesabu kinachopotea kwenye mabomba. Kuosha tuendelee na maji ya kisima, lakini ndoo ya mwisho ya kusuuza, lita 20, itoke kwenye tangi. Hapo tuna magari 250 kabla tangi halijakauka. Halitatosha kiangazi chote kwa parokia zilizoko barabara kuu, nakiri, na ndiyo maana taulo zinatangulia.

Neno kwa madereva wa magari ya parokia. Magari yetu mengi ni meupe, na doa jeupe kwenye gari jeupe halionekani. Mnaegesha karibu na bomba linalorusha maji kwenye bustani, kila asubuhi, miaka mitano. Siku ya kuuza gari ndipo mnunuzi anapopitisha kiganja kwenye boneti na kupunguza bei. Lile gari lilitolewa na watu waliojinyima. Hamisheni maegesho.

Kuhusu madai ya fidia, napendekeza kila mradi uwe na daftari. Gari likifika, kijana na mwenye gari walizunguke pamoja, waandike madoa na mikwaruzo iliyopo, wote watie sahihi. Gari jeusi lisipokelewe kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri kama hakuna kivuli. Mteja atanung'unika, lakini atakuja jioni.

Mwenye gari jeusi amekubali tulifanyie kazi boneti lake leo, bila malipo, kabla kamati haijamjibu. Nimelipitisha kidole: upande wa kulia ni viupele vitupu, upande wa kushoto nina wasiwasi napo. Liko chini ya mwembe tangu saa kumi na mbili na limeshapoa. Siki, taulo na ndoo ya maji ya mvua viko pale. Karibuni tutoke.