Jeshi Libebe, Raia Waamue: Nafasi ya Majeshi ya Kigeni katika Misaada ya Maafa ya Asili

Mada kwa ajili ya semina ya wajumbe wa kamati za maafa



1. Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, mji wa bandari wa Msumbiji wenye wakazi wapatao 500,000. Umeme ulikatika, simu zikanyamaza, na barabara ya EN6 inayotoka Beira kwenda Zimbabwe ikamegwa na maji. Mito ya Buzi na Pungwe ilifurika hadi mabonde yake yakageuka bahari, na maelfu ya watu wakakimbilia juu ya mapaa na kwenye miti. Nchini Msumbiji pekee walifariki watu zaidi ya 600, na watu milioni 1.85 walihitaji msaada. Zimbabwe na Malawi nazo zilizika watu wao.

Katika hali ya namna hiyo, majeshi ya nchi nyingine huja kusaidia. Je, yakija yafanye nini, yasifanye nini, na nani ayaongoze? Hoja ya mada hii ni kwamba jeshi la kigeni lina thamani kubwa linapookoa, linapobeba na linapofungua njia. Uamuzi wa nani apewe nini, wapi na lini ubaki mikononi mwa mamlaka za kiraia za nchi iliyopatwa na maafa. Mgawanyo huo wa kazi uandikwe na kufanyiwa mazoezi mapema, kwa sababu siku ya maafa hakuna anayepata nafasi ya kuandika mkataba.

Jambo hili linatuhusu sisi Watanzania. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mafuriko ya siku zile yakakata barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga. Mikoa hiyo miwili ikapoteza barabara yake ya moja kwa moja ya kwenda Dar es Salaam. Wazee wa Lindi wana kumbukumbu ya kimbunga cha mwaka 1952. Yaliyowapata wenzetu wa Beira yanaweza kutupata.

2. Jeshi lina nini ambacho wengine hawana

Jeshi hukaa tayari wakati wote. Lina ndege za mizigo, helikopta, meli zenye mitambo ya kutengeneza maji safi, wahandisi wa kujenga madaraja ya muda, madaktari wa hospitali za mahema, redio zisizotegemea minara ya simu, na watu waliozoea kupokea amri usiku na kuondoka alfajiri. Shirika la kiraia huhitaji siku kadhaa kukodi ndege na kupata rubani, na siku hizo ndizo watu wako juu ya miti.

Mfano ulio wazi zaidi ni mafuriko ya Msumbiji ya mwaka 2000. Kwa siku nyingi kazi ya uokoaji wa angani katika mabonde ya Limpopo na Save ilibebwa na helikopta chache za Jeshi la Anga la Afrika Kusini, nazo ziliopoa watu zaidi ya 14,000. Dunia ilimwona mama mmoja aliyejifungua mtoto akiwa juu ya mti kabla ya helikopta kuwachukua. Helikopta za nchi za mbali zilipowasili, sehemu kubwa ya uokoaji ilikuwa imekwisha. Hapo tunajifunza kwamba jeshi linalookoa ni lile lililo karibu. Jirani hufika watu wakiwa hai, na aliye mbali hufika wakati wa kugawa chakula na kujenga.

Pamoja na hayo, uwezo huo una mipaka, na hesabu yake ni muhimu kwa kila mjumbe wa kamati ya maafa. Helikopta ya aina ya Mi-17 hubeba takriban tani 4. Ikibeba chakula kikavu, kwa makadirio ya nusu kilo kwa mtu kwa siku, safari moja inalisha watu 8,000 kwa siku moja. Ikibeba maji, kwa kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa cha lita 15 kwa mtu kwa siku, safari hiyohiyo inawatosheleza watu wasiozidi 270. Mjumbe anayeijua hesabu hii hataomba helikopta ilete maji ya chupa. Ataomba dawa za klorini, pampu, matangi ya kukunjwa na fundi wa kuyafunga, ili maji ya palepale yatibiwe.

3. Kinachotokea helikopta inaposhuka

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Helikopta inashuka kwenye kijiji kilichopigwa na kimbunga. Upepo wa mapangaboi unainua mabati yaliyong'oka, na bati linaloruka linaweza kumkata mtu. Mtu wa chini lazima awe ameshachagua uwanja, ameondoa mabati na ameweka watu mbali. Mlango ukifunguliwa, wa kwanza kufika ni vijana wenye nguvu. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzee anayetembelea fimbo wanafika magunia yameshakwisha. Rubani hawezi kulizuia hilo. Hana orodha ya kaya, hajui lugha ya pale, na mafuta yanaungua huku watu wengine wanamsubiri.

Anayejua ni mwenyekiti wa kijiji, muuguzi wa zahanati, mwalimu, imamu, katekista. Wao ndio wenye taarifa za nani ana kisukari, nyumba ipi ina mjamzito wa miezi tisa, na kitongoji kipi kiko ng'ambo ya mto na hakijasikika tangu juzi. Taarifa hizo haziwezi kuletwa na ndege kutoka nje. Kwa hiyo uamuzi wa ugawaji ukiachwa kwa anayebeba, wanyonge hukosa hata pale msaada unapokuwa mwingi.

4. Walivyofanya Beira

Katika kipindi cha Idai, meli tatu za India zilizokuwa katika safari ya mafunzo zilielekezwa Beira na zikawa miongoni mwa wasaidizi wa kwanza wa kigeni kufika, zikashiriki kuwahamisha watu wa eneo la Buzi. Afrika Kusini ilileta helikopta na waokoaji ndani ya siku chache. Tanzania ilipeleka chakula na dawa kwa nchi tatu zilizoathirika, kwa kutumia ndege ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ndege za jeshi la Marekani zilibeba shehena za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, hadi Msumbiji, na katikati ya Aprili zikafunga kazi hiyo.

Uratibu ulikaa katika uwanja wa ndege wa Beira. Taasisi ya Msumbiji ya usimamizi wa maafa, INGC, ilikuwa pale pamoja na Umoja wa Mataifa, mashirika na wanajeshi. Hapo kila asubuhi ndege ziligawiwa kazi. Swali gumu lilikuwa lilelile kila siku: helikopta iende kuopoa watu, au ipeleke chakula kwa waliokwisha kuopolewa wakarundikana kwenye nchi kavu? Uamuzi wa namna hiyo unahitaji sauti ya mwenye nchi. Mwishoni mwa Machi kipindupindu kilithibitishwa, na mwanzoni mwa Aprili ilianza kampeni ya chanjo yenye dozi karibu 900,000. Kipaumbele kilikuwa kimehama kutoka kwenye kuopoa watu kwenda kwenye maji, vyoo na chanjo, na kazi hizo ni za wahudumu wa afya.

5. Kanuni zinasemaje

Msingi uko katika Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Na. 46/182 la mwaka 1991, linaloweka misaada juu ya nguzo za utu, kutoegemea upande na kutobagua, na linaloheshimu mamlaka ya nchi husika. Mwaka 1994 ilitolewa Miongozo ya Oslo kuhusu matumizi ya rasilimali za majeshi ya kigeni katika maafa, ikahuishwa mwaka 2006 na 2007. Kwa ufupi inasema hivi: jeshi la kigeni liitwe pale ambapo hakuna njia ya kiraia ya kufaa, lije kwa ombi au ridhaa ya nchi iliyoathirika, lisiitoze nchi hiyo gharama, na kimsingi wanajeshi wake wasibebe silaha.

Miongozo hiyo hugawa msaada katika mafungu matatu. La kwanza ni kumkabidhi mwananchi msaada mkono kwa mkono. La pili ni kusafirisha bidhaa na watoa huduma. La tatu ni kazi za miundombinu kama kukarabati barabara na kuongoza ndege. Jeshi la kigeni linafaa zaidi katika fungu la pili na la tatu, na uokoaji wa saa za mwanzo unakubalika kwa sababu maisha hayasubiri. Hiyo ndiyo maana ya kichwa cha mada hii.

6. Kanuni zinapopuuzwa

Haiti ilipigwa na tetemeko tarehe 12 Januari 2010. Jeshi la Marekani liliufufua uwanja wa ndege wa Port-au-Prince kwa kasi ya kusifiwa. Hata hivyo uwanja ulikuwa na njia moja ya kurukia, na anayepanga foleni ya kutua ndiye anayeamua nani atibiwe kwanza. Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika hadharani kwamba ndege zao zenye vifaa vya hospitali zilielekezwa Jamhuri ya Dominika, na wagonjwa wakasubiri upasuaji. Kama orodha ya vipaumbele ingewekwa na mamlaka za afya tangu saa ya kwanza, malalamiko hayo yangepungua sana.

Oktoba mwaka huohuo kipindupindu kililipuka Haiti. Chanzo chake kilihusishwa na maji taka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa yaliyoingia kwenye kijito cha mto Artibonite. Walikufa watu wapatao 10,000, na mwaka 2016 Umoja wa Mataifa uliomba radhi. Choo cha kambi ya askari ni suala la uhai kwa wenyeji, na kamati inayowapokea wageni ina haki ya kukikagua.

Myanmar ilikuwa na tatizo tofauti. Mwezi Mei 2008 Kimbunga Nargis kiliacha watu zaidi ya 130,000 wakiwa wamekufa au kupotea. Meli za kivita za Marekani, Ufaransa na Uingereza zilisubiri nje ya pwani zikiwa na misaada na helikopta, na watawala wa kijeshi wakazikatalia. Mwishowe ziliondoka. Pale ambapo hapakuwa na uaminifu kabla ya dhoruba, haukupatikana baada ya dhoruba, na waliolipia ni wananchi wa bonde la Irrawaddy.

7. Maafa yanapokutana na vita

Wiki sita tu baada ya Idai, tarehe 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio jirani kabisa na Mtwara, ambao tangu Oktoba 2017 ulikuwa na mashambulizi ya waasi. Mahali pa namna hiyo msaada unaoletwa na jeshi huweza kumponza anayeupokea, kwa sababu mpiganaji wa upande wa pili atamhesabu mwananchi huyo kuwa wa upande ule. Umoja wa Mataifa una miongozo mingine, ya mwaka 2003, kwa ajili ya mazingira ya migogoro, na ni mikali zaidi. Kamati zetu za kusini zijiulize mapema: katika eneo letu, sare ya askari inaleta faraja au hofu?

8. Mapendekezo

(a) Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inatupa muundo wa kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Juu ya muundo huo ziongezwe taratibu zilizoandikwa za kupokea jeshi la kigeni: vibali vya anga, forodha, leseni za madaktari, silaha, na hadhi ya kisheria ya wanajeshi hao.

(b) Tuombe kazi, tusiombe vifaa. Ombi liseme: watu 3,000 wako kisiwani, hawana maji safi, gati limevunjika. Wanajeshi wenyewe wataamua kama kinachofaa ni boti, helikopta au meli.

(c) Kila jeshi linalokuja liweke ofisa wake katika kituo cha operesheni cha kiraia, akae humo mchana na usiku.

(d) Kila kijiji cha pwani na mabondeni kiwe na orodha hai ya kaya zenye wagonjwa, walemavu, wajawazito na wazee, na kiwe kimechagua uwanja wa helikopta.

(e) Wanajeshi wageni wapewe maadili ya mwenendo, na wananchi, hasa wanawake na wasichana, wawe na njia salama ya kutoa malalamiko.

(f) Tarehe ya kuondoka ijadiliwe siku ya kuwasili, pamoja na nani atarithi daraja, hospitali na mtambo wa maji.

(g) Zoezi la Ushirikiano Imara la majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari linagusa maafa. Wakuu wa wilaya, waganga wakuu na mashirika ya Msalaba Mwekundu washirikishwe humo kikamilifu.

9. Hitimisho

Mwaka 2023, Kimbunga Freddy kilipoiumiza Malawi, Tanzania ilipeleka chakula, mahema, mablanketi na helikopta mbili za kijeshi. Sisi ni wasaidizi leo na wasaidiwa kesho, hivyo masharti tunayotaka wageni wayafuate kwetu ndiyo tuyafuate tukiwa kwao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji atapona iwapo bado ndiye mwenye nyumba.

Maswali ya majadiliano katika vikundi:

1. Barabara kuu ikikatika pande zote mbili za wilaya yako, ni vijiji vipi vitakavyofikiwa kwa helikopta tu, na vifaa vitashushwa wapi?

2. Nani katika wilaya yako ana mamlaka ya kumwambia rubani wa kigeni aende wapi, na yupi atamwakilisha akiwa hayupo?

3. Andikeni ombi moja la msaada wa kijeshi lisilotaja kifaa chochote.