Tuujue Udongo Kabla ya Kupanda



Katika Injili ya Dominika ya 15 ya Mwaka A tunamsikia Bwana wetu akisimulia habari za mpanzi. Mpanzi alikuwa mmoja, na mbegu ilikuwa ya namna moja. Tofauti ilikuwa katika udongo. Mara nyingi tunapofafanua mfano huu tunakimbilia moyo wa mwanadamu na kuusahau udongo wenyewe. Leo tuanzie shambani, ndipo tufike moyoni.

Historia ya nchi yetu ya Tanzania inalo funzo kubwa. Mwaka 1946 wataalamu kutoka Uingereza walizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma machache, wakashauri yafunguliwe mashamba ya karanga ya ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Fedha zilikuwapo, matrekta yalikuwapo, bidii nayo ilikuwapo. Lakini udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hukauka na kuwa mgumu kama saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi. Ardhi ikishafunga hivyo, nani atazing'oa? Mvua nazo hazikuwa za kutegemewa. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, ukiwa umekwisha kuteketeza pauni zaidi ya milioni 30. Wagogo, waliozoea kuishi kwa uwele, mtama na mifugo katika nchi ile kavu, walikuwa na mengi ya kuwaeleza wageni wao. Kuuliza si ujinga.

Ndugu wapendwa, tusiwacheke watu wale. Ni mara ngapi baba wa familia huuza mbuzi wake ili anunue mbegu ile ile iliyomstawia jirani wa ng'ambo ya mto, pasipo kujua kwamba udongo wa ng'ambo ni mwingine? Mavuno yakikosekana, watoto ndio wanaolala na njaa.

Wazee wetu hawakulima hivyo. Usukumani, udongo wa kichanga wa miinuko huitwa luseni, nao hufaa kwa mihogo na karanga; udongo mweusi wa mabondeni, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, huitwa mbuga, na huko hulimwa mpunga katika majaruba. Kila udongo ulipewa jina lake na kazi yake.

Nasi tunaweza kujifunza bila gharama. Tuchukue udongo uliolowa, tuufinyange mkononi. Usiposhikana, ni kichanga: hupitisha maji upesi pamoja na rutuba, kwa hiyo unahitaji samadi na mboji kila msimu. Ukivutika kuwa kamba inayopindika mpaka ikawa pete, ni mfinyanzi: hutunza rutuba, lakini maji hutuama, kwa hiyo mboga zipandwe juu ya matuta. Tena tuchimbe shimo la kufika magotini, tuone mizizi inakomea wapi. Tuangalie na magugu: kiduha kikishika katika mahindi au mtama, mara nyingi kinatutangazia kwamba udongo umechoka. Anayeweza, akusanye udongo wa sehemu mbalimbali za shamba lake, auchanganye, kisha amwombe bwana shamba amsaidie kuupeleka kupimwa, kama vile katika kituo cha Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Sasa turudi kwenye mfano wa Bwana. Ile njia ambayo mbegu ziliangukia juu yake haikuumbwa njia. Ilikuwa udongo kama udongo mwingine, ila miguu ya watu iliipita kila siku mpaka ikagandamana. Hapa ndipo Injili inapotugusa sisi viongozi wa jumuiya na makatekista. Yupo mama mjane ambaye haonekani tena katika jumuiya ndogondogo, nasi tumekwisha kusema kwamba moyo wake ni mgumu. Je, tumewahi kufika kwake pasipo daftari la michango? Yupo kijana anayekaa kimya katika mafundisho ya Kipaimara. Je, twajua kama amekula tangu asubuhi? Huenda miguu iliyoigandamiza ardhi hiyo ni yetu wenyewe.

Hata ardhi iliyogandamana haijalaaniwa. Ikitifuliwa, ikatiwa samadi, ikafunikwa kwa majani makavu na kusubiriwa, huanza tena kupokea maji. Lakini kazi hiyo huchukua misimu, wala hakuna mkulima anayeupiga udongo viboko ili uzae. Haraka haraka haina baraka.

Basi juma hili, kabla ya kununua mbegu, kila mmoja wetu achimbe shimo moja katika shamba lake na kuutazama udongo aliopewa na Mungu. Na kabla ya kumfundisha mtu neno lolote, tuitembelee nyumba moja tuliyokuwa tukiipita tu, tuketi, tusikilize kwanza.

Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa mavumbi ya ardhi, ayabariki mashamba yetu na mioyo yetu, kwa Kristo Bwana wetu. Amina.