Maziwa ya Ndama na Mahindi ya Mzee

(Hotuba waliyosomewa wanachama na vijana wa tawi, Voi)



Leo tumesimama mbele yenu kutoa hesabu. Fedha ya watu haina budi kutajwa hadharani, tena kabla mtu hajauliza.

Sisi vijana wa tawi hili tulianza mchango wetu shule zilipofungwa. Tulicheza mpira tukatoza kiingilio, tukauza chai na mandazi, tukasomba mawe ya ujenzi, tukafagia soko kwa ujira. Sanduku lilifunguliwa mbele ya mashahidi watatu, tukahesabu shilingi 18,460. Nia yetu ilikuwa fedha hiyo yote ikanunue maziwa ya ndama wa ndovu waliofiwa na mama zao.

Lakini tulipokuwa tukipita nyumba kwa nyumba, tulifika kwa mzee mmoja ambaye shamba lake limepakana na mbuga. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuonyesha mabua yaliyolala chini, akasema: "Wanangu, mama yake amekula mahindi yangu kwa usiku mmoja. Leo mwataka nimnunulie mwanawe maziwa?"

Tuliaga tukaenda zetu. Wenzetu wawili walicheka njiani. Tukawauliza, "Basi jibu lake ni lipi?" Hawakuwa nalo, wala sisi hatukuwa nalo. Hotuba hii ni jibu tulilolitafuta tangu siku ile.

Yafaa kwanza tujue ndama ni nani. Ndovu huchukua mimba miezi 22, na mtoto wake hutegemea maziwa kwa muda wa miaka miwili ya kwanza. Mama akiuawa na majangili, au akifa kwa ukame, mtoto aliyebaki hawezi kuishi kwa majani. Wengine hutumbukia visimani wakaachwa na kundi. Katika ukame wa mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, Serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa katika Kenya. Sisi wa Tsavo hatuhitaji kusimuliwa ukame ule. Ng'ombe wetu walikufa pia.

Kumlea ndama si kazi ya mzaha. Maziwa ya ng'ombe humdhuru, kwa kuwa tumbo lake haliwezi mafuta yake. Bibi Daphne Sheldrick, ambaye mumewe David alikuwa mkuu wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki, alijaribu kwa miaka mingi, na ndama wengi wachanga wakamfia mikononi. Mwishowe aligundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayofaa. Mwaka 1974 alimlea ndama aitwaye Aisha mpaka akafikisha miezi sita. Kisha akasafiri kwa harusi ya binti yake, na yule ndama, kwa kumkosa, akakataa kunywa, akafa. Tangu hapo ilijulikana kwamba ndama asizoeshwe mtu mmoja tu. Baadaye pakaanzishwa makao ya mayatima Nairobi, na huko walezi hulala na ndama kwa zamu, huwafunika mablanketi, na kuwanywesha kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Wakikua huletwa Tsavo, hapa Voi na kule Ithumba, au msitu wa Kibwezi, wajifunze kuishi mwituni. Zaidi ya ndama 300 wameokolewa kwa njia hii, na baadhi yao sasa wana watoto wao porini.

Sasa tuulize: maziwa hayo hununuliwa na nani? Kwa sehemu kubwa ni fedha za wageni. Mtu wa London au wa Chicago hutoa dola 50 kwa mwaka, akaandikiwa ndama jina lake kuwa mlezi. Twawashukuru. Lakini ndugu, nchi ni yetu, na ndovu ni wetu. Mtoto wa nyumbani akilelewa na jirani peke yake, siku moja jirani atasema mtoto ni wake, na neno lake litasikilizwa kuliko letu. Kwa hivyo shilingi ya kijana wa Voi, ijapokuwa ndogo, ina uzito wake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha vyama vya wanyamapori mashuleni, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika.

Hayo ni upande wa ndama. Upande wa mzee je?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mzee yule hamchukii mnyama. Anachochukia ni kulala macho akipiga debe, na asubuhi akute jasho la msimu mzima limeliwa. Sheria ya mwaka 2013 imeweka fidia, lakini fidia hukawia, na tumbo halingoji. Tukimwambia mkulima mwenye njaa apende ndovu, huku hatumsaidii kulinda shamba, tutakuwa tunampa mzigo na kumnyima kata ya kichwani. Na mkulima aliyekata tamaa hutia sumu, au hunyamaza jangili anapopita. Ndipo ndama mwingine abakipo bila mama. Basi mahindi ya mzee na maziwa ya ndama ni jambo moja.

Dawa iko karibu. Hapo Sagalla wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, mzinga kwa mzinga, na waya kati yake. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi alikotoka, kwa kuwa ndovu humwogopa nyuki. Si kinga kamili. Nyakati za ukame nyuki huhama. Lakini mashamba mengi yameokoka, na asali huuzwa.

Kwa hiyo sisi vijana twaleta shauri mbele ya mkutano huu. Fedha ya sandukuni ikatwe sehemu mbili sawa. Shilingi 9,230 ziende kwa maziwa ya ndama, kwa jina la tawi letu. Shilingi 9,230 nyingine zianzishe mizinga katika shamba la mzee yule, na mikono ya kuchimbia nguzo itakuwa yetu wenyewe, bila ujira.

Wako wenzetu wanaosema kwamba fedha iliyoombwa kwa jambo moja isipelekwe kwa jambo lingine. Wana haki. Ndiyo maana hatukugusa hata senti moja, tukaleta shauri kwenu ninyi mliotoa. Mkikataa, yote itakwenda kwa maziwa kama tulivyowaahidi, nasi tutaanza mchango mpya kwa ajili ya mizinga Jumamosi ijayo.

Sanduku hili hapa mezani, na daftari liko wazi. Anayetaka kusema na anyoshe mkono.