Kijana Mwindaji na Ufunguo wa Sanduku: Sheria ya Kuhifadhi Silaha Michigan

(Mada kwa semina ya wazazi wazungumzaji wa Kiswahili, Michigan, Marekani)



Wengi wetu tumetoka Kivu au Burundi, tukapitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma. Kule bunduki ilikuwa ya askari au ya waasi, na aliyeiona alikimbia. Huku inauzwa dukani pamoja na ndoano za samaki, na tarehe 15 Novemba, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unapofunguliwa, baadhi ya shule hufungwa ili watoto waingie porini na baba zao. Mzazi anayesema mambo haya hayamhusu ajiulize mwanawe hulala kwa rafiki gani Jumamosi usiku.

Kuhusu umri nitapita haraka. Tangu 1968, sheria ya taifa inamkataza mfanyabiashara mwenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, au bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 1994 likaongezwa katazo la bastola kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa shughuli kama uwindaji, kazi za shamba au mazoezi ya shabaha, tena kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa. Kwa bunduki ndefu, sheria hiyo ya taifa haikuweka umri wa chini wa kuwa nayo. Kila jimbo lina taratibu zake. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 anayewinda kwa kufuata masharti, mtu mzima akiwa ubavuni pake, hajavunja sheria. Swali zito ni hili: wakirudi nyumbani, bunduki inawekwa wapi?

Mji wa Oxford, kaskazini mwa Detroit, ulilijibu kwa damu. Mwishoni mwa Novemba 2021 baba mmoja alinunua bastola ya milimita 9 akiwa na mwanawe wa miaka 15, na kesho yake mama akampeleka kijana kwenye uwanja wa shabaha. Tarehe 30 shule iliwaita wazazi kwa sababu ya mchoro wa bastola na maneno ya kukata tamaa aliyoyaandika kwenye karatasi ya hesabu. Walifika, wakazungumza, wakamwacha shuleni. Begi lake halikupekuliwa. Mchana huo kijana alifyatua bastola hiyo shuleni, na wanafunzi wanne wakapoteza maisha.

Mahakamani ilionyeshwa kwamba kufuli la waya lililokuja na bastola hiyo lilikuwa bado ndani ya pakiti yake. Sanduku la silaha nyingine za nyumba hiyo lilifunguka kwa namba za kiwandani: sifuri, sifuri, sifuri. Wazazi hao, James na Jennifer Crumbley, walitiwa hatiani mwaka 2024 kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja akafungwa miaka 10 hadi 15. Na wakati wa mauaji yale Michigan haikuwa na sheria ya kufungia silaha. Kwa maoni yangu hukumu ile ilikuwa ya haki, ingawa shule nayo ilikuwa na la kujibu.

Sheria sasa ipo, na ilianza kutumika tarehe 13 Februari 2024. Ikiwa unajua, au ulipaswa kujua, kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 yupo au huenda akawepo, silaha usiyokuwa nayo karibu lazima iwe ndani ya sanduku lililofungwa, au isiwe na risasi na iwe imetiwa kufuli. Mtoto akiichukua na mtu akafa, kifungo kinaweza kufika miaka 15. Ruhusa ya kuwinda au kujifunza shabaha imeachwa palepale: kijana hutumia silaha kwa idhini na kuirudisha kwa mwenye ufunguo. Na msifikiri sheria hii ni ya baba mwenye nyumba peke yake. Mpwa wenu mlinzi wa usiku, anayelala sebuleni kisha akatoka na kuacha bastola chini ya mto, naye inamhusu.

Ndani ya droo au juu ya kabati si mahali pa kuhifadhia. Watoto hujua maficho yetu yote. Waulizeni sukari huwa wapi. Toeni risasi, hakikisheni chemba ni tupu, fungieni risasi mahali pengine, na ufunguo ukae kwa mtu mzima.

Liko jambo tunaloona haya kulisema. Kijana aliyevunjika moyo huweza kuamua kufa kwa dakika chache, na kwa bunduki ni nadra kupata nafasi ya kujuta. Katika nyumba yenye kijana mwenye huzuni, kufuli humpa muda wa kufikiwa na mtu.

Kabla mtoto hajaenda kulala kwa watu, pigeni simu mwulize kama kuna silaha na imefungiwa wapi. Mmarekani mwenye adabu hataona vibaya. Makufuli ya waya hutolewa bure katika vituo vingi vya polisi vya jimbo hili. Wenye silaha, nendeni mkayachukue kabla ya Novemba.