Robine Ikitoa Maji Membamba

Bidoni ya lita 20 iko chini ya robine tangu alfajiri, na maji yanatoka kama uzi. Kabla ya kumlaumu jirani wa juu, tuangalie tiyo.

Maji ya kilimani hayana pampu. Nguvu yao ni mteremko tu. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya bari 1 hivi. Pipa lililoinuliwa mita 2 hutoa bari 0.2: ndoo itajaa, polepole, lakini bafu la mvua usilitegemee. Tiyo ya nusu inchi, ikiwa ndefu, hula hata hiyo kidogo.

Ni robine moja tu iliyo dhaifu? Funga vali, fungua robine hiyo, safisha mchanga ulio ndani. Baada ya mvua kubwa hukosi kuukuta. Zote zikiwa dhaifu, kagua vali ya kuingilia nyumbani, kisha fuata mstari wa tiyo. Majani mabichi wakati wa kiangazi huonyesha panapovuja. Pazibwe upesi, maana presha ikishuka, maji machafu huingia hapo hapo, na kipindupindu sisi wa eneo la Fizi tunakijua. Hewa ikinaswa kwenye mwinuko wa tiyo, iteni kamati ya maji. Msitoboe tiyo.